Mguu Hautengenezwi Mara Moja

Katika maisha yangu nimekuwa na miguu ya kulia kumi na minne. Mmoja nilizaliwa nao. Mmoja nilipewa na Mzungu. Iliyobaki yote nimeitengeneza mwenyewe kwa mikono hii, na sijakutana na mtu mwingine, kuanzia Mto Songwe hadi milima ya Wakinga, anayeweza kusema hivyo. Wanaosema najisifu waje wanioneshe ya kwao.

Shahada yangu ya useremala ipo ukutani juu ya kitanda, katika fremu niliyoichonga. Ina saini tatu, na tai wa Serikali ya Wajerumani amekaa chini kabisa, mabawa wazi. Wajerumani wenyewe wamekwisha kuondoka. Tai wao amebaki kwangu. Wageni wote nawaonesha shahada hiyo kabla hawajanywa maji. Lakini huo ulikuwa muhuri mmoja tu. Niligongewa miwili, na habari ya ule wa pili ndiyo nataka kuandika, kwa sababu inasimuliwa vibaya pale sokoni Matema, na mtu anayeijua vizuri ni mimi.

Mguu niliozaliwa nao niliupoteza nikiwa bado nachunga ndama kwetu Talatala. Ndama mmoja aliingia katika mianzi iliyokatwa jana yake. Nilimfuata mbio, nikakanyaga kisiki cha mwanzi kilichochongoka, kikapita kwenye wayo na kuvunjikia ndani. Wayo ulioza, kisha kifundo, kisha muundi. Nilipofikishwa misheni, Mzungu wa dawa alinusa tu, akakata chini ya goti. Nilibaki na goti. Nawaambia walemavu wote wanaokuja kwangu: ukibaki na goti, usilie.

Lazima nieleze jambo moja kwa wasiotujua. Kwetu Wanyakyusa, wakati ule, mtoto wa kiume hakukaa kwa baba yake mpaka aote ndevu. Akifika kama miaka kumi, yeye na rika lake walihama pamoja wakajenga kijiji chao wenyewe, vibanda vya mianzi vilivyokandikwa udongo. Chakula walikula kwa mama zao, kundi zima leo nyumba hii, kesho ile, lakini walilala kwao. Rika hilo lilikaa pamoja maisha yote: walilima pamoja, wakaoa, wakazeeka majirani. Aliyebaki kwa mama yake baada ya rika lake kuhama hakuwa mtoto tena, wala hakuwa mtu. Alikuwa kama jiko la zamani.

Mwaka niliokatwa mguu ndio mwaka rika langu lilipoanza kukata mianzi ya kujengea. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nilitaka mguu ili nitembee. Kutembea kwa magongo nilijua. Nilitaka kibanda.

Misheni palikuwa na seremala wa Kijerumani, mtu mwema, mwenye mikono mizuri kuliko macho yake. Alinipima kwa kamba, akanichongea mguu wa mninga wenye chuma mwishoni na mikanda miwili ya ngozi. Ulikuwa mzito kama mtoto mchanga. Alimwambia baba yangu, "Huu hautavunjika. Miaka kumi!" Baba akasema, "Ndaga, tata, ndaga fijo," akashukuru kwa mikono miwili.

Kweli, haukuvunjika. Niliyevunjika ni mimi. Mvua moja tu ilipita, mguu wangu wa kushoto ukarefuka kwa upana wa vidole vinne, na ule wa mninga ukabaki pale pale alipouacha Mzungu. Nikawa natembea kama mtumbwi ulioingiwa maji upande mmoja. Kiuno kiliuma. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kilinibana mpaka ngozi ikatoka.

Tulirudi misheni, mimi, baba na mama. Seremala aliutazama mguu, akaugonga kwa kidole, akausikia mzima. Akasema, "Mguu hutengenezwa mara moja. Huyu anakua. Nikitengeneza leo, kesho umeharibika. Alete mguu mzima akishakoma kukua." Alimaanisha niletwe mimi nikiwa mtu mzima, nadhani. Kiswahili chake kilikuwa hivyo.

Baba akasema, "Ndaga, tata." Mama alilipuka tulipofika njiani.

"Akishakoma kukua!" alisema. "Sasa hii miaka minane akae wapi? Kwenye dari pamoja na mbegu?"

"Mzungu ndiye fundi," baba alisema.

"Fundi wa milango. Mlango haukui."

Mama yangu alikuwa Mkisi, binti wa ziwani, kutoka Ikombe, ambako wanawake wote ni wafinyanzi. Aliolewa kwetu bondeni lakini mikono yake haikuuacha udongo. Siku ile ile tuliporudi alikandika kigutu changu udongo wa chungu, akausawazisha kwa gunzi la hindi, akauchomoa polepole kama mtu anayemvua mtoto shati. Kikatoka kikombe kizuri, chembamba, chenye umbo langu hasa. Alikianika siku nne kivulini, akakichoma pamoja na vyungu vyake. Nia yake ilikuwa kukivika kikapu cha mianzi kwa nje, kama vyungu vinavyosafirishwa kwa mtumbwi.

Kilipopoa nilikivaa. Hakikuingia. Nilisukuma, mama akasukuma, hakikuingia hata nusu.

Mama alikaa chini akacheka mpaka kanga ya kichwani ikaanguka. Udongo ukikauka hunywea, ukichomwa hunywea tena. Mfinyanzi hufinyanga chungu kikubwa kuliko anachokitaka, na ziada hiyo kwao huitwa fungu la moto. Tangu utotoni alikuwa akiliacha fungu hilo bila kufikiri. Siku alipofinyanga mguu wa mwanawe, alilisahau.

"Nimekufinyanga kama sahani ya kuchezea watoto," alisema. "Lete mkono nisimame."

Hakujaribu tena udongo mbichi. Alifikiri siku mbili, kisha akaleta bakuli la udongo mwekundu, ule laini wa kupakia vyungu shingoni ili ving'ae. Akaniambia niombe tezo ndogo kwa mjomba, kaka yake, aliyekuwa anachonga mitumbwi. Nikachonga kikombe katika kipande cha mti mwepesi, kibaya, kikubwa, nikijikata vidole. Mama alinipaka kile chekundu kwenye kigutu, nikavaa, nikasimama, nikavua. Ndani ya mti palikuwa na madoa mekundu.

"Hapo panapong'aa ndipo panapokuuma," alisema. "Kwangua."

Nikakwangua. Tukapaka tena. Tukarudia pengine mara thelathini, mpaka wekundu ukaenea kote sawasawa, na kigutu kikakaa mle ndani kama yai kiotani. Chini ya kikombe tulichomeka mwanzi mnene, tukaufunga kwa ukamba wa mgomba na gundi. Nikikua, tunabadilisha mwanzi tu. Nikinenepa, nakwangua. Nikikonda, natia ganda laini la mgomba.

Mama alinitazama nilivyosimama sawa, mabega yakiwa mstari mmoja. "Mwanzi ndio ulioula mguu wako," alisema. "Mwanzi utautapika."

Nilikwenda moja kwa moja kijijini kwa rika langu. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mrefu, mwenye sauti kubwa, ambaye mpaka leo ni jirani yangu na mpaka leo ana sauti kubwa. Alisikia mwanzi wangu ukigonga njia ngumu, tu, tu, tu, akapiga kelele, "Mchi huo unakuja! Leteni mpunga!"

"Leta kichwa chako," nilisema, "nianze nacho."

Walicheka wote, na jina la Mchi likanishika. Lakini sikilizeni. Walipokuwa wanashindilia sakafu za vibanda vyao kwa visigino, mimi nilishindilia yangu kwa mwanzi, asubuhi mpaka adhuhuri, na sakafu yangu ikawa ngumu kuliko zote. Maji yalikuwa yanateleza juu yake. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimeitwa kushindilia vibanda sita, na cha huyo mrefu kilikuwa cha pili. Nilipata kibanda changu, nikalala ndani yake, na mguu nikauegemeza mlangoni kama mkuki.

Kila masika nilikata mwanzi mpya, na baada ya kila masika moja au mawili nilichonga kikombe kipya. Hivyo ndivyo nilivyojifunza useremala. Hakuna aliyenifundisha, mwili wangu ndio uliokuwa unanipa kazi. Nilipokuwa kijana kamili nilikwenda misheni kumwonesha yule seremala mguu wangu wa saba wa mwanzi, na nikamwambia kwa adabu kwamba mguu hautengenezwi mara moja. Alicheka, akanipa ufagio. Nilifagia karakana yake mwaka mzima, mwaka wa pili nikashika randa, na mwaka wa nne yeye ndiye aliyeniandikia barua ya kwenda shule ya ufundi ya Serikali, pwani.

Nilikwenda kwa miguu hadi Kilosa, nimefunga mianzi minne ya akiba mgongoni. Wapagazi tuliofuatana nao walinicheka mpaka Uhehe. Kutoka Uhehe walikuwa wakiniuliza kama ninaweza kuwachongea fimbo. Kilosa nilipanda gari moshi, na mianzi yangu ilikuwa imebaki mmoja.

Miaka mitatu nilikaa pale shuleni. Nilikuwa wa kwanza katika kuunganisha mbao, wa kwanza katika kupiga hesabu za paa, na wa tatu katika kuimba, jambo ambalo halihusiki. Kazi ya kumalizia shule kila mtu alijichagulia. Wenzangu walitengeneza meza na makabati. Mimi nilitengeneza mguu: mvule mtupu, uliopigwa msasa na nta, wenye kifundo cha chuma kinachokunjika, wayo unaovaa kiatu, mikanda ya ngozi ya ng'ombe na skrubu za shaba. Mwalimu mkuu wa karakana aliushika, akaugeuza, akaita wenzake. Kisha akapasha moto chuma cha shule, akagonga muhuri wa kufaulu. Kwa kuwa nje palikuwa pamepakwa nta, aliugonga ndani, kwenye ukuta wa kikombe: tai mdogo, mweusi, mwenye kunukia moshi.

"Umekwisha kukua," aliniambia. "Sasa una mguu wa maisha."

Nikamwamini. Mimi, mtoto wa yule mama, nikamwamini.

Nilirudi nyumbani kwa suruali na viatu viwili. Nilipita sokoni Matema, nikasimama katikati ya vyungu, nikawaambia watu wakisie ni mguu upi wa mti. Walizunguka, wakainama, wakabishana. Bibi mmoja akaamua kumaliza ubishi. Akaufinya kwa nguvu mguu aliodhani ni wa mti, nikapiga ukelele. Soko zima liliangua kicheko. Sikujali. Alikuwa amefinya wa kushoto, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizopata, shahada ikiwemo.

Nilioa msichana wa Ngana, mcheshi, mpishi hodari. Nilitengeneza milango, viti, madawati ya kanisa. Nilikula ndizi za maziwa, nikanywa pombe ya ulezi na rika langu, na mtu aliyekoma kurefuka hajakoma kunenepa. Mvua ya pili baada ya kurudi, kikombe kilianza kunibana. Ya tatu, nilikuwa navua mguu kila nikikaa, nikijidai nausafisha. Mke wangu aliona damu kwenye kitambaa.

"Kwangua," aliniambia. "Mama amenieleza mlivyokuwa mnafanya."

"Huu haukwanguliwi. Umepimwa."

"Umepimiwa mtu mwembamba."

Mahali penyewe palipobana, upande wa nje chini ya goti, ndipo alipokaa tai. Kukwangua pale ni kufuta muhuri. Karatasi ya ukutani kila karani anaweza kuwa nayo. Lakini ni nani mwingine aliyetembea amegongewa muhuri wa Serikali ndani ya mguu? Nikavumilia. Nikaanza kuchechemea. Nikaanza kusema nina baridi yabisi.

Ndipo ikatangazwa siku ya ubusoka.

Ubusoka ni siku ya baba kuwaachia wana nchi. Rika la wazee husogea kando, na rika letu hushika vijiji. Asubuhi ya siku hiyo mioto yote huzimwa, kila jiko, mpaka majivu yawe baridi. Moto mpya hupekechwa kwa vijiti mbele ya chifu, na kila mwanamume huchukua kijinga chake cha moto na kwenda nacho nyumbani kuwasha jiko lake. Kwetu ilikuwa lazima auchukue mwenyewe, asimwachie mtu, na usimzimikie njiani. Aliyebebewa moto alihesabiwa amepewa hifadhi, hakuhesabiwa mwenye nyumba. Na kutoka kwa chifu mpaka kwangu ilikuwa mwendo wa saa nzima, sehemu kubwa matope ya mpunga.

Yule mwenzetu mrefu ndiye aliyekuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa kijiji chetu kipya. Alikuja kwangu siku tatu kabla, akanikuta nimekaa, mguu uko pembeni.

"Ugonile, Mchi."

"Nimelala salama."

"Nimekuonea huruma. Nitakubebea moto wako pamoja na wangu. Sitasema."

"Utasema kabla hujafika mtoni."

"Basi mkeo aje auchukue."

Alijua asemalo. Mwanamke wa kwetu hamwangalii baba mkwe wake, hapiti njia yake, hatamki hata jina linalofanana na lake. Na siku ile baba yangu na baba zetu wote wangekuwa wamekaa kuuzunguka moto ule. Mke wangu asingeweza kusogea hata karibu. Alikuwa anatia chumvi kwenye kidonda.

"Nenda kalime," nilimwambia. "Moto wangu nitaubeba mwenyewe, na nitafika kabla yako."

Alipoondoka nilivaa mguu nikatembea hadi mgombani na kurudi. Nilirudi nimeuma midomo. Mama, ambaye alikuwa amezeeka na anaishi jirani, alikuwa amesimama ukumbini na bakuli lake. Sikumwona alipoingia.

"Udongo wenyewe mbaya, wa mwaka jana," alisema. "Lakini utatosha."

"Mama, kuna muhuri."

"Uko wapi? Nioneshe."

Nikamwonesha. Aliingiza mkono mle ndani, akamgusa tai kwa kidole gumba, akampima kama anavyopima unene wa ukuta wa chungu.

"Ndege mzuri," alisema. "Anakula nyama."

Akanipaka. Nikavaa, nikasimama, nikavua. Kote palikuwa pakavu isipokuwa doa moja kubwa, jekundu kabisa, juu ya tai. Nilikaa na mguu ule mapajani kwa muda mrefu. Kisha nikachukua patasi yenye makali yaliyopinda, niliyoinunua pwani, nikaanza kukwangua.

Watu wa sokoni husema nililia. Sikulia. Nilikwangua kama fundi mwenye shahada anavyokwangua, unyuzi baada ya unyuzi, na nikajua kwamba hakuna hata mmoja wa wale walimu watatu walioweka saini ambaye angeujua ufundi huu. Likatoka bawa la kulia, kikatoka kichwa. Siku ya pili tukapaka tena. Mguu uliponikaa, lilikuwa limebaki bawa moja na ukucha. Nikaviacha, havikunibana. Kile kiatu nilikivua, nikafunga chini kipande kipana cha mwanzi uliopasuliwa, kwa ajili ya matope.

Siku yenyewe nilitia kijinga changu kwenye moto mpya, baba yangu akiniangalia bila kupepesa. Nikaondoka. Matopeni nilizama mara mbili mpaka kwenye mikanda, kijinga nimekiinua juu ya kichwa, cheche zikiniangukia shingoni. Nyuma yangu nilisikia, "Mchi! Lete nikusaidie!" Nikageuka. Yule mrefu alikuwa amezama mpaka mapajani, miguu yote miwili, moto wake unafuka moshi tu. Sikumbebea. Nilirudi hatua nne, nikaweka kijinga changu chini ya chake, nikapuliza mpaka kikashika. "Ubebe mwenyewe," nikamwambia. Nikaenda zangu.

Nilifika. Mke wangu alikuwa amepanga kuni na kukaa kando. Niliwasha jiko langu kwa mkono wangu, nimesimama.

Baada ya hapo vita vikaja, njaa ikaja, nikakonda mpaka kikombe kikawa kinacheza, nikatia maganda ya mgomba safu tatu. Mara ile mwili ulikuwa umerudi ulikotoka, lakini tai hakurudi. Siku moja, Wajerumani wakiwa wamekwisha kukimbia, alikuja mtu kutoka Ngana amebebwa kwa machela. Alikuwa amebeba mizigo ya vita, na mguu ulioza njiani. Alikuwa na goti. Mke wangu alimpikia kwenye jiko lile, kwa moto ule ule, ambao hatujauacha uzimike tangu siku ile.

Nilimchongea kikombe, nikakitilia mwanzi. Akakigeuza mikononi, akaniuliza, "Fundi, huu utadumu miaka mingapi?"

"Mpaka masika yajayo," nilimwambia. "Halafu utarudi hapa, tuone umekuwaje."

Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa. Nikachukua bakuli la udongo mwekundu, nikampaka.

"Vaa," nikasema. "Simama. Sasa vua, tukwangue."